Boga la Miezi Minne

Kwetu Tanga tukisema vuli tunamaanisha mvua ndogo, zile zinazokuja mwishoni mwa mwaka. Nilipofika Brussels, katikati ya miaka ya tisini, nikaambiwa kwamba huko nako kuna vuli, na kwamba ni kipindi cha majani kupukutika. Nikangoja nione. Kumbe ni mvua ileile, ila hii imefuatana na baridi na haina habari ya kuwa ndogo.

Nilikuwa nimekuja kusomea kazi ya maabara kwenye chuo cha udaktari kule Woluwe. Chumba nilikipata Schaerbeek, ghorofa ya pili ya nyumba nyembamba ya matofali, kwa mke na mume waliotoka Bukavu. Watoto wao walikuwa wameshakua na kutawanyika, na chumba cha watoto ndicho nilichopewa mimi, pamoja na kitanda kifupi kilichonifanya nilale nimejikunja kama kamba aliyekaangwa. Niliwaita maman na papa kama walivyoitwa na kila mtu.

Maman alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutosha nyumba tatu. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwasikiliza. Papa alikuwa mwembamba na mrefu. Bukavu alifundisha shule miaka mingi. Brussels alipiga pasi mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja, na aliyapiga kwa uso uleule wa kusahihisha mitihani. Papa hakuchukia utani. Alikuwa tu hautambui. Ukimwambia jambo la kuchekesha alikuuliza swali la ziada ili aelewe vizuri.

Sasa, mwezi wa kumi ulipoingia, sokoni kulijaa vitu. Kulikuwa na matufaha ya kila rangi, peasi ngumu za kupika, uyoga wa msituni uliofanana na masikio, kabichi ndogondogo za saizi ya ndimu, na liki, ambazo mimi nilizidhania ni vitunguu vilivyopitiliza kukua. Na kulikuwa na maboga. Maboga makubwa ya rangi ya chungwa yalipangwa barabarani kama viti vya mkutano. Maman alikuwa akifika kwenye maboga anasimama na kulalamika.

"Angalia," alikuwa ananiambia. "Boga iko. Majani iko wapi? Hawa bantu banatupa majani. Banatupa mboga, banabakisha kiti."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata hilo boga lenyewe wengi hawakulila. Walilinunua wakaliweka dirishani wakaliangalia mpaka likaoza. Maman alipita chini ya madirisha hayo akitikisa kichwa kama mtu anayepita mbele ya msiba.

Kati ya wazee aliowahudumia, mmoja aliishi Woluwe, karibu na chuo chetu. Alikuwa mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye bustani ndefu nyuma ya nyumba. Mwezi wa sita alipanda mbegu ya boga karibu na lundo la mbolea, na kuanzia hapo maman alikuwa akirudi nyumbani na taarifa. Limetoa ua. Limeshika. Limekuwa kama kichwa cha mutoto. Limekuwa kama kichwa cha papa. Katikati ya mwezi wa kumi akaleta habari kwamba mzee ameamua kumpa boga lote, zima, kwa sababu yeye alitaka kuliona likikua tu, na sasa amekwisha kuliona.

"Samedi tunaenda kulikamata," akaniambia. "Weye utanisaidia. Tutaenda na poussette."

Hiyo poussette inahitaji maelezo. Ilikuwa kigari cha mtoto cha mtindo wa zamani, cheusi, chenye magurudumu makubwa na kifuniko cha kukunjua, ambacho maman alikiokota kando ya barabara siku ambayo watu wa mtaa walitoa nje vyombo wasivyovitaka. Hatukuwa na mtoto. Kigari kilikuwa cha kwendea sokoni. Kilibeba viazi, ndizi za kupika, samaki wa chumvi, na mara moja kilibeba televisheni. Kilikuwa kigari cha heshima sana kwa mzigo wake.

Jumamosi hiyo tulipofika Woluwe mzee alikuwa ameshaliweka boga kwenye mzani wake wa bafuni. Kilo quinze, yaani kumi na tano. Alitushika mikono, mimi na maman, akalipapasa boga mara ya mwisho akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Tukalinyanyua tukaliweka kwenye kigari. Lilikaa kana kwamba kigari kilitengenezwa kwa ajili yake.

Mvua ikaanza tukiwa njiani kwenda kituo cha tramu. Maman akasimama, akafikiri.

"Alors," akasema, "tukipanda hivi, chauffeur atasema ni muzigo. Muzigo mukubwa banakatala. Lakini poussette hawakatali."

Akafungua mkoba wake, akatoa kitenge na kiblanketi alichokuwa akikitandika magotini kwenye tramu kwa ajili ya baridi. Akalifunika boga kwa blanketi mpaka karibu na juu, akalizungushia kitenge, akakunjua kile kifuniko cha kigari. Akarudi hatua nyuma akatazama. Mimi niliyekuwa najua kilichomo ndani niliona mtoto aliyelala.

"Usiseme kitu," maman akaniambia. "Mi ndjo nitasema. Na sitadanganya. Niko mukristo."

Tukapanda. Dereva hakututazama hata kidogo. Kijana mmoja alisimama akanipisha kiti, jambo ambalo halikuwa limewahi kunitokea katika mji ule. Nikakaa, nikakishika kigari kwa mkono mmoja, na nikaanza kufikiri kwamba safari itaisha salama. Kituo kilichofuata akapanda bibi mmoja.

Alikuwa bibi mdogo wa Kibelgiji, mwenye koti la kijani na miwani minene iliyokuwa imejaa ukungu wa mvua. Alikaa mkabala nasi, akaona kigari, na uso wake wote ukafunguka. Akauliza kitu. Yote yaliyofuata yalisemwa kwa Kifaransa, na mengi niliyaelewa baadaye maman aliponieleza, kwa maana Kifaransa changu siku zile, nje ya maneno ya maabara, kilikuwa na neno moja tu lililokomaa, nalo ni oui.

"Ana umri gani?" bibi aliuliza.

"Miezi minne," maman akajibu.

"Anaonekana mkubwa kwa miezi minne."

"Ana kilo kumi na tano, madame."

Bibi aliweka mkono kifuani. Akauliza tunampa nini. Maman akasema maji. Maji tu? Maji tu, na jua likiwepo. Bibi akasema ajabu, na je, usiku analala? Maman akasema hajawahi kulia hata mara moja tangu aanze kukua. Kila neno lilikuwa kweli tupu. Nilimtazama maman, alikuwa ametulia kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Ndipo bibi akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Oui," nikasema.

Maman alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshasema. Bibi akatabasamu. Akauliza kitu kingine, nami nikasema oui tena, kwa moyo mmoja. Kumbe alikuwa ameuliza baba yake mtoto yuko wapi. Uso wake ukabadilika. Akanitazama kwa huruma, mimi msichana wa watu, mwenye mtoto wa kilo kumi na tano, na ambaye akiulizwa baba yuko wapi anajibu ndiyo.

Tramu ikakata kona kwa nguvu. Kigari kikayumba, blanketi likateleza, na kipande cha boga cha upana wa kiganja kikachungulia. Maman alilirudisha blanketi upesi. Lakini bibi alikuwa ameona, kwa ile miwani yake ya ukungu, na alichokiona kilikuwa shavu la mtoto lenye rangi ya chungwa.

Akashusha sauti. "Mtoto ana manjano," akasema. "Hamjaona? Ana manjano kabisa. Anafaa kwenda hospitali."

"Tunatoka Woluwe sasa hivi," maman akajibu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Woluwe kulikuwa na hospitali kubwa, ile ya chuo. Bibi akaelewa alichoelewa. Hakuuliza tena. Alivua glavu yake, akanishika mkono, akaubakisha mkono wake juu ya wangu vituo vilivyobaki vyote. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. Nilikuwa nimekaa Brussels miezi kadhaa, na hakuna mtu wa huko aliyekuwa amenigusa kwa wema namna ile. Nikahisi machozi yanakuja, na ilikuwa kwa sababu ya boga.

Tulipofika kituo chetu tukagundua kwamba ndicho kituo chake pia. Akawaita vijana wawili watusaidie kushusha kigari. Mmoja aliponyanyua upande wake alisema neno ambalo hata mimi nililielewa. Bibi akamkemea kwamba mtoto ni mgonjwa. Kisha akatusindikiza kwa macho, na akatuonyesha nyumba yake kwa kidole. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na yetu kabisa.

"Utafanyaje sasa?" nilimwuliza maman kwenye ngazi, tukiwa tumelikumbatia boga, yeye mbele, mimi nyuma.

"Mi? Mi sikudanganya. Ni weye ndjo ulisema uko mama yake."

Tukakubaliana kutomwambia papa. Papa asingekasirika, ila angetaka turudi kwa bibi tumweleze ukweli kwa mpangilio, kuanzia mwanzo. Kwa hiyo yeye alijua tu kwamba boga limetoka Woluwe, limekuja kwa kigari, na ni zito.

Kulikata lilikuwa jambo jingine. Kisu cha kwanza kilizama hadi katikati na hakikutoka. Cha pili tulikitia kukitafuta cha kwanza, nacho kikabaki. Boga likakaa juu ya meza na mipini miwili, likitutazama. Papa alirudi kutoka kazini, akavua koti, akalizunguka boga mara kadhaa. Akachukua chaki, ambayo sijui kwa nini alikuwa nayo nyumbani, akachora mstari kuanzia kikonyo hadi kitako, ulionyooka vizuri. Akashuka chini kwa jirani akaazima msumeno wa mbao. Alilikata boga lile kwa uangalifu, akipuliza unga wa chungwa kila baada ya kitambo, huku maman akilishika kwa mikono miwili na kumwambia asikate vidole vyake.

Lilipofunguka tuliinama wote watatu kutazama ndani. Lilikuwa zuri. Nyama yake ilikuwa nene kama godoro, na mbegu zilikuwa nyingi hata maman akakaa chini.

Kisha ugomvi ukaanza. Nusu ya boga tuliwagawia majirani wa ngazini, lakini nusu iliyobaki ilikuwa ya kutosha kumaliza urafiki wa watu wawili. Maman alitaka kulipika kwa karanga za kutwanga, chumvi na vitunguu, pamoja na maharage. Mimi nikasema kwetu boga ni futari. Linapikwa kwa tui la nazi, iliki, sukari kidogo na chumvi ya kuonja tu.

"Sukari?" maman akasema. "Ndani ya boga?"

"Kidogo tu, maman."

"Bon. Kwa hiyo ni gâteau."

"Si keki. Ni futari."

"Boga, maziwa ya nazi, sukari. Papa, njo uone. Huyu mutoto anapika gâteau ya mboga."

Papa akaja, akauliza nchini kwetu ni nani aliyeanzisha desturi hiyo na kwa sababu gani. Nikasema sijui. Akasema ni vizuri kujua.

Basi ikawa kila siku sufuria mbili. Yangu upande huu, ya maman upande ule, na papa katikati akila kijiko cha huku na kijiko cha kule kwa haki kabisa, maana hakutaka kuonekana anapendelea. Tulikula boga asubuhi na mkate. Nilibeba boga chuoni kwenye kopo. Maman alichemsha zile kabichi ndogondogo akazitia humo. Alijaribu boga na liki, boga na samaki wa chumvi, boga na matufaha siku aliyotaka kunithibitishia kwamba utamu haufai, ila akala yote na hakurudia kauli. Mbegu tulizikaanga kwa chumvi na kuzitafuna kama karanga za stendi. Papa alizikagua nyuso zetu mezani akasema tunaanza kufanana rangi na boga.

Jumapili moja, baada ya maman kurudi kutoka kanisani, mimi na yeye tulikuwa jikoni tukigombea moto wa jiko, mlango ukagongwa. Papa akaenda kufungua. Nikasikia sauti ndogo ya kike. Nilichungulia kwa ufa wa mlango wa jikoni. Alikuwa yule bibi, na koti lake la kijani, na kifurushi cha karatasi mikononi.

"Kwisha," maman akaninong'oneza. Hakusogea. Mimi pia sikusogea.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu lugha, kama maman alivyonieleza baadaye. Kiswahili kingetuokoa. Sisi tukisema "yuko wapi" kila mtu anajua tunatafuta kiumbe, na tukisema "liko wapi" hakuna atakayedhani ni mtoto. Kifaransa hakijali. Mtoto wa kiume kwao ni il, na boga nalo ni il. Kwa hiyo bibi alipomwuliza papa, kwa upole, yule mdogo aliyetoka Woluwe kwa kigari anaendeleaje, papa alisikia anaulizwa habari za boga. Hakuona ajabu. Majirani wote wa ngazini walikuwa wameshalizungumzia.

"Ah, lile la Woluwe," papa akasema kwa Kifaransa chake cha darasani. "Karibu sana, madame. Halikuwa dogo hata kidogo."

"Najua. Kilo kumi na tano. Naweza kumwona?"

"Nasikitika, madame. Tumeshalila."

Bibi alikibana kifurushi chake kifuani. Papa, aliyekuwa mwenyeji mwema, akaendelea.

"Si lote. Nusu tuliwapa majirani. Kulikata ndiko kulikokuwa na shida, ilibidi niazime msumeno." Akamvutia kiti. "Mke wangu anapendelea na karanga. Yule msichana anatia nazi na sukari."

"Msichana?" bibi akasema. "Mama yake?"

Papa alifikiri. Nadhani aliona kwamba ndivyo Wabelgiji wanavyosema juu ya mtu aliyebeba kitu tangu shambani.

"Ndiye," akasema. "Yeye ndiye aliyekula zaidi."

Bibi alikaa kwenye kile kiti bila kukitazama. Hapo maman alifungua mlango wa jikoni kwa bega. Mikononi alikuwa amebeba kipande cha mwisho cha boga, kikubwa kama kiti cha baiskeli, chenye ganda lake na alama ya chaki ya papa. Akakiweka mezani mbele ya bibi.

"Ni huyu, madame," akasema. "Mtoto ni huyu."

Bibi alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa, akainama. Akaligusa ganda. Papa alimtazama mkewe, akamtazama bibi, akanitazama mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya maman.

"Kuna mtoto?" papa akauliza.

"Miezi minne," bibi akasema taratibu.

"Alipandwa mwezi wa sita," maman akasema.

"Na maji tu."

"Maji tu, madame. Na mbolea, lakini hukuuliza."

Bibi aliegemea kiti. Nilidhani atanyanyuka aondoke, na nilikuwa najaribu kutunga kwa Kifaransa sentensi ya kuomba radhi isiyo na oui ndani yake. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alicheka bila sauti, amefumba macho, machozi yakipita chini ya miwani, mpaka akaanza kukohoa na papa akakimbilia maji. Akanywa, akanitazama, akaanza upya. Maman akaambukizwa, na kicheko cha maman kilikuwa na sauti, kwa hiyo majirani wa chini wakagonga dari.

Papa alisubiri kwa adabu. Tulipotulia aliomba aelezwe, na maman akamweleza, tramu, kitenge, manjano na yote. Papa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia bibi.

"Madame," akasema, "kwa hiyo nilipokwambia kuhusu msumeno..."

Bibi akainua mkono kumzuia asiendelee, kwa sababu hakuwa na pumzi tena.

Alikaa hapo mpaka giza likaingia. Alikula sahani ya maman, akala sahani yangu. Tulimtazama wote wawili, tukingoja hukumu ya ugomvi wetu wa wiki nzima. Akasema zote ni nzuri, ila zote zimekosa kungumanga. Kifurushi chake alikuwa amekisahau mezani, maman akamkumbusha. Ndani yake mlikuwa na kofia ya sufu ya samawati, aliyoifuma mwenyewe kwa kukisia kichwa cha mtoto wa uzito ule. Ilimwenea papa kabisa. Aliivaa ndani ya nyumba majira yote ya baridi yaliyofuata, na hakuona cha kuchekesha, maana ilikuwa kofia nzuri.

Kabla ya kuondoka bibi alitualika kwake Jumapili inayofuata. Alisema sasa ni zamu yetu kula kitu cha msimu.

Kitu chenyewe kilikuwa chicon. Ni mboga nyeupe, ndefu kama kidole kinene, iliyofungika majani yake kama chipukizi la mgomba. Huoteshwa gizani, na nadhani ndiyo sababu ina kinyongo. Bibi alizichemsha, akazivingirisha moja moja kwenye nyama ya nguruwe, akazimwagia rojo zito la maziwa na jibini, akaziingiza kwenye oveni mpaka zikawa kahawia juu. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba nyama hiyo hailiki kwetu, kwa hiyo zangu alizifunga kwa kuku. Chakula kilinukia vizuri mno. Nikatia mdomoni.

Ulikuwa uchungu wa dawa ya malaria. Nilimeza kwa msaada wa maji. Maman alitafuna mara mbili, akaacha kutafuna, akatazama dirisha kwa muda mrefu. Bibi alikuwa akitungoja. Papa ndiye aliyeokoa nyumba. Alimeza, akafuta midomo kwa kitambaa, akatafuta neno la kweli ambalo lisingemwumiza mtu.

"C'est intéressant," akasema, yaani kinavutia.

Bibi akafurahi, akamwongezea mbili.

Papa alizila. Na kwa kuwa alizila, kuanzia hapo kila wiki bibi alivuka barabara na bakuli lililofunikwa kwa karatasi ya foili, la monsieur, yaani papa. Maman alilipokea mlangoni kwa shukrani nyingi kuliko nilizowahi kumsikia akitoa katika sala zake. Akaliweka mbele ya papa, akakaa mkabala naye, akaegemeza kidevu mkononi atazame.

"Kula, papa. Ni yako. Ulisema iko intéressant."

"Nilisema kweli," papa alikuwa akijibu. "Ni ya kushangaza."

Mwezi wa kumi na moja wote ulikwenda hivyo. Nje miti ilikuwa imebaki mifupa, na sokoni maboga yamepisha chungu za hizo chicon, nyeupe, zimepangwa kwenye masanduku na kufunikwa karatasi ya bluu zisione mwanga. Mimi na maman tulizipita bila kusalimiana nazo.

Kisha wiki moja bibi akashikwa na mafua na bakuli halikuja. Maman alimpikia papa ugali na sombe, yaani kisamvu, akasema leo umepona. Papa akala, akashukuru. Kesho yake nilirudi kutoka chuoni mapema nikakuta mlango wa jikoni umerudishwa. Nikausukuma. Papa alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kukatia, na kofia yake, na kisu kidogo, akichimba kile kiini cha chini cha chicon ambacho bibi alimwambia ndicho chenye uchungu zaidi. Alikuwa amekwenda sokoni mwenyewe. Alikuwa na jibini. Alikuwa na kungumanga.

Aliponiona aliweka kisu chini.

"Usimwambie maman," akasema.

"Nimwambie nini, papa?"

Alilifikiria swali hilo kama alivyofikiria maswali yote.

"Usimwambie ni nani aliyekula," akasema. "Akiuliza, mwambie zilikuwa nne na zimekwisha. Hilo litakuwa kweli." Akavuta kiti cha pili kwa mguu akanionyesha nikae, na akaanza kusaga jibini.